Vitz ya Anko Ililipa, V8 Ikapunguziwa: Historia Fupi ya Ushuru wa Gari za Mtumba

Desemba 2015 nilikuwa darasa la sita, na kwetu watu wazima walikuwa wakinong'ona kuhusu meli.

Si meli ya movie. Meli ya kubeba gari, kutoka Japani kuja Mombasa. Ndani yake kulikuwa na Vitz moja ya rangi ya fedha, ya mwaka 2008, na hiyo Vitz ilikuwa ya anko wangu, ndugu mdogo wa mathe. Alikuwa ameendesha teksi ya mwenyewe miaka mingi, kila jioni anampelekea mwenye gari pesa yake kabla hajanunua hata mkate. Mwaka huo apps za teksi zilikuwa zimeanza Nairobi, na kila dereva alikuwa anaota kitu kimoja: gari yangu, mafuta yangu, faida yangu.

Basi akachukua loan ya sacco. Mathe akawa mmoja wa wadhamini. Anko akapiga hesabu ya ushuru kwa daftari, akaiweka pesa kando, akalipia gari. Gari ikiwa bado baharini, hesabu ikabadilika. Ajenti akampigia simu akamwambia ongeza karibu laki moja na nusu, la sivyo gari inabaki bandarini.

Nilikuwa mdogo, sikuelewa. Nilichoona ni anko amekaa kwa kiti chetu bila kuvua jaketi, na mathe anamwambia, "Usijali, zamu yangu ya chama ni mwezi huu." Ile pesa ya chama ilikuwa ya cherehani ya pili. Mathe ni fundi wa nguo.

Juzi binamu yangu amenitumia picha ya gari ya Japani akaniuliza, "Hii ikifika hapa itakuwa ngapi?" Nikasema wacha nimpigie hesabu. Hiyo hesabu ikanirudisha mpaka 2015, na 2015 ikanirudisha nyuma zaidi. Kumbe nyuma ya bei ya gari hapa Kenya kuna historia nzima, na hakuna mtu alitufunza shuleni. Wacha nikupe.

Tuanze zamani, kabla ya mtumba.

Miaka ya 70, serikali ilitaka gari ziunganishwe hapa hapa. Katikati ya muongo huo ndiyo zikaja zile kampuni tatu kubwa: Leyland Kenya kule Thika, General Motors Nairobi, na Associated Vehicle Assemblers Mombasa. Gari ilikuwa inafika ikiwa vipande, inafungwa na Wakenya, inauzwa mpya. Ili biashara hiyo isife, kuleta gari kutoka nje kulifungiwa: ulihitaji leseni ya kuagiza, na ulihitaji pesa za kigeni, ambazo pia zilikuwa zinadhibitiwa. Ndiyo maana ukiangalia picha za zamani za mzee wa mtu, gari ni zile zile. Peugeot 504 kila mahali.

Shida ni kwamba gari mpya si ya mwananchi wa kawaida. Mwalimu angeweza kupata kwa mkopo, daktari angepata, lakini mtu wa duka au fundi? Yeye ni matatu na miguu yake.

Kulikuwa hata na ndoto ya gari yetu wenyewe. Mwaka 1986 Rais Moi aliomba Chuo Kikuu cha Nairobi kitengeneze gari ya Kenya, hata kama itakuwa na sura mbaya na itaenda polepole. Ikazaliwa Nyayo Pioneer. Gari tano za majaribio zikaonyeshwa Kasarani mwaka 1990. Hazikufika sokoni. Pesa ya kutengeneza kwa wingi haikupatikana, na ndoto ikaegeshwa hapo.

Mwaka huo huo wa 1990 ndipo VAT ilipoingia Kenya, ikichukua nafasi ya ile kodi ya mauzo ya zamani. Weka hiyo kando, tutarudi kwayo.

Halafu ikafika 1993. Nchi ilikuwa imebanwa, wafadhili wamefunga mifuko, na masharti ya kufungua uchumi yalikuwa mezani. Leseni za kuagiza bidhaa zikaondolewa, shilingi ikaachwa ielee, na udhibiti wa pesa za kigeni ukalegezwa. Ghafla mtu wa kawaida mwenye akiba angeweza kutoa pesa na kuleta gari. Wafanyabiashara wakakimbilia Dubai kwanza, kisha wakaenda moja kwa moja kwa chanzo: Japani.

Kwa nini Japani? Kwanza, wao huendesha upande wa kushoto kama sisi, usukani uko kulia. Pili, sheria zao. Kule kuna ukaguzi wa lazima unaoitwa shaken. Gari mpya ya kibinafsi hukaguliwa ikifika miaka 3, baada ya hapo kila miaka 2, na ukaguzi huo si bei rahisi. Mjapani akiona gari inakaribia ukaguzi mwingine, mara nyingi anaona afadhali aiuze achukue nyingine. Gari inaenda mnadani ikiwa safi, inakimbia vizuri, na bei iko chini. Kile Mjapani anaona kimezeeka, Mkenya anakiita gari mpya. Ndiyo tunasema "nimechukua gari mpya" na gari ina miaka saba.

Kwa zile kampuni za kuunganisha gari hiyo ilikuwa pigo kubwa. Kwa mtu wa mtaa ilikuwa mara ya kwanza kuona gari kama kitu anachoweza kukipata. Mambo yote mawili ni ya kweli, na mpaka leo ugomvi wa ushuru wa gari ni kati ya hayo mawili.

Sasa serikali ikajikuta na swali jipya. Gari mpya ya dukani ina bei inayojulikana. Gari ya mtumba je? Mtu amenunua mnada wa Yokohama, ana karatasi inasema amelipa dola kadhaa. Ni kweli? Au ameandikiana na muuzaji bei ya chini ili ushuru upungue? KRA, ambayo ilianza kazi 1 Julai 1995, ilirithi hicho kichwa kuuma.

Sheria ya forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inasema mahali pa kuanzia ni bei uliyolipa kweli kweli. Lakini kwa gari za mtumba KRA hutumia orodha yake, ile inaitwa CRSP. Kwa lugha ya mtaa: ni bei ya gari kama hiyo ikiwa mpya dukani hapa Kenya. Wanachukua hiyo bei, wanakata kiasi fulani kulingana na umri wa gari, halafu wanarudi nyuma wakiondoa kodi na faida ya muuzaji iliyokuwa ndani ya bei ya duka. Kinachobaki ndicho wanaita thamani ya forodha. Hapo ndipo kodi zote zinaanzia.

Soma tena hiyo sehemu, kwa sababu ndipo watu wengi huchomeka. Ushuru wako hautoki kwa bei uliyolipa Japani. Ukipata gari kwa bei ya kutupa kwa sababu rangi imechubuka au muuzaji ana haraka, hiyo bahati ni yako na muuzaji tu. Orodha haijui.

Kuna kitu kingine. Nyingi ya hizi gari tunazoagiza ni modeli za soko la ndani la Japani, hazikuwahi kujaa kwenye maduka ya gari mpya hapa. Kwa hivyo unatozwa kwa msingi wa bei "mpya" ya gari ambayo hakuna Mkenya unayemjua aliwahi kuinunua ikiwa mpya. Naelewa kwa nini wanafanya hivyo. Watu walikuwa wanadanganya kwa karatasi, na hilo si siri. Lakini pia tukubali: anayeandika hiyo orodha ndiye anaamua bei ya gari yako kabla hujaiona.

Haya, tuingie kwa hesabu yenyewe. Kodi zinapandana, moja juu ya nyingine, kama chapati kwa sahani.

Ya kwanza ni ushuru wa forodha. Mwaka 2005 Kenya, Uganda na Tanzania zilianza umoja wa forodha na viwango vya pamoja: 0%, 10% na 25%. Gari likawekwa kwa 25%. Mwaka 2022 jumuiya ikaongeza daraja la nne la 35%, na miaka ya karibuni Kenya imepandisha gari za abiria kutoka 25% hadi 35%.

Ya pili ni ushuru wa bidhaa. Hiyo haihesabiwi kwa thamani ya gari peke yake, inahesabiwa kwa thamani pamoja na ule ushuru wa kwanza.

Ya tatu ni VAT, 16%, na hiyo inakalia zote mbili zilizotangulia. Unalipa kodi juu ya kodi juu ya kodi.

Halafu kuna ndogo mbili zinazotoka kwa thamani ya forodha: ile ya tamko la uagizaji, watu huiita IDF, na tozo ya reli, ambayo ilianza 2013 kwa ajili ya SGR. Ndiyo, hata ile Probox ya kubeba mboga ilichangia reli.

Sasa turudi kwa Vitz ya anko. Nitatumia namba za mviringo ili ufuate bila kikokotoo. Tuseme thamani ya forodha ilikuwa Sh300,000. Mpaka Novemba 2015 hesabu yake ilikuwa hivi:

Ushuru wa forodha 25%: Sh75,000.
Ushuru wa bidhaa 20% ya Sh375,000: Sh75,000.
VAT 16% ya Sh450,000: Sh72,000.
IDF 2.25%: Sh6,750.
Tozo ya reli 1.5%: Sh4,500.
Jumla: Sh233,250.

Hiyo ndiyo ilikuwa kwa daftari. Hiyo ndiyo pesa alikuwa ameweka.

Tarehe 1 Desemba 2015 sheria mpya ya ushuru wa bidhaa ikaanza kufanya kazi. Waziri wa Fedha alikuwa Henry Rotich. Ile 20% ikaondolewa kwa gari, ikawekwa kiasi kimoja: gari ya chini ya miaka 3, Sh150,000. Gari ya zaidi ya miaka 3, Sh200,000. Haijalishi ni gari gani. Haijalishi ina thamani gani.

Ukiangalia haraka, inakaa poa. Ni rahisi, hakuna kubishana kuhusu thamani, hakuna mtu wa kudanganya kwa karatasi, na gari nzee inalipa zaidi ya gari changa. Sasa weka ndani ya hesabu ya anko:

Ushuru wa forodha: Sh75,000.
Ushuru wa bidhaa: Sh200,000.
VAT 16% ya Sh575,000: Sh92,000.
IDF na reli: Sh11,250.
Jumla: Sh378,250.

Tofauti ni Sh145,000. Karibu nusu ya thamani ya gari yenyewe, imeongezeka kwa kalamu moja. Na angalia VAT ilivyopanda bila mtu kuigusa: kwa sababu imekaa juu ya ile nyingine, ukipandisha ya chini, ya juu inajipandisha.

Sasa chukua gari kubwa, ile ya wakubwa, tuseme thamani ya forodha ni Sh3,000,000 na ina zaidi ya miaka 3. Chini ya ile 20%, ushuru wa bidhaa ungekuwa Sh750,000. Chini ya sheria mpya? Sh200,000. Kama Vitz ya anko. Ongeza VAT iliyopungua, na mwenye V8 ameokoa Sh638,000.

Manze, nilipoifikia hiyo hesabu niliweka simu chini nikatembea kidogo.

Mstari wa kati ulikuwa kwa thamani ya Sh800,000. Gari ya zaidi ya miaka 3 ikiwa chini ya hapo, umeongezewa. Ikiwa juu ya hapo, umepunguziwa. Hakuna aliyesimama mahali akasema "tunawatoza maskini ili tuwapunguzie matajiri." Hakuna haja ya kusema. Umbo la kodi lilisema lenyewe. Kiasi kimoja kwa wote kinaonekana usawa mpaka uulize kila mtu anabeba nini.

Mnaweza kuuliza, si anko angengoja mambo yatulie? Hapo ndipo sheria nyingine inaingia. Kenya ina kanuni ya miaka 8, chini ya kiwango cha KEBS kinachoitwa KS 1515:2000. Gari yenye zaidi ya miaka 8 tangu iandikishwe mara ya kwanza haiingii. Na hesabu inaenda kwa mwaka. Kwa mfano, mwaka 2025 gari ya mwisho kukubaliwa ilikuwa iliyoandikishwa 2018. Kwa hivyo mwaka 2015 ya mwisho ilikuwa ya 2008. Gari ya anko ilikuwa ya 2008. Ingepita 31 Desemba kabla ya kufika, ingekuwa chuma ya kurudishwa. Na ikikaa bandarini, bandari inahesabu siku zake na kila siku ina bei. Alikuwa amebanwa pande zote: huku kalenda, huku ushuru, nyuma yake loan ya sacco ambayo ilikuwa imeanza kukatwa.

Hiyo miaka 8 nayo ni uamuzi wa kisiasa, si sheria ya maumbile. Uganda mwaka 2018 ilichora mstari wake kwa miaka 15. Tanzania haijafunga mlango kwa umri, lakini gari iliyozeeka inalipa ushuru wa ziada. Hapa kwetu kumekuwa na rasimu ya sera iliyotaka tushuke kutoka 8 hadi 5. Kila mwaka mmoja unaokatwa hapo unamaanisha gari changa zaidi, na gari changa ni bei zaidi. Hewa safi inaweza kuwa sababu nzuri. Lakini mtu akikuambia ni ya hewa safi tu, muulize pia ni nani atauza zaidi.

Turudi kwa Rotich. Kelele zilipigwa. Wenye yadi walilia, wanunuzi walilia, biashara ya gari ndogo ikaumia. Bajeti ya Juni 2016 waziri huyo huyo akasimama bungeni akapendekeza turudi kwa 20%. Ikarudi. Hakuna aliyemrudishia anko Sh145,000 zake. Sheria hairudi nyuma kukutafuta.

Na mathe? Cherehani ya pili aliipata 2018. Miaka miwili na zaidi alikuwa anakataa kazi za sare za shule mwezi wa Januari kwa sababu mashine moja haitoshi. Hiyo ndiyo gharama ambayo haiko kwa jedwali lolote la KRA.

Baada ya hapo kodi ikaendelea kubadilika. Mwaka 2019 ushuru wa bidhaa ukagawanywa kwa ukubwa wa injini: gari ya mpaka cc 1500, 20%. Zaidi ya hapo, 25%. Zile kubwa kabisa, petroli juu ya cc 3000 na dizeli juu ya cc 2500, 35%. Gari za umeme zikashushwa hadi 10%. Hilo nalisifu bila aibu. Umbo hilo ni la haki zaidi kuliko lile la 2015. Mwenye injini kubwa analipa kiwango kikubwa. Ndiyo maana pia barabara zetu zimejaa gari za cc 1490 na kitu. Hatukupenda injini ndogo ghafla. Mstari ulichorwa na sisi tukaegesha upande wake wa chini.

Tozo ndogo nazo zilicheza ngoma yao. IDF iliwahi kufika 3.5% mwaka 2019, ikashuka hadi 2.5% mwaka 2023. Tozo ya reli ikaenda 2%, ikashuka 1.5%, na mwisho wa 2024 ikarudishwa 2%. Namba ndogo, rahisi kusahau, ndiyo maana zinapenda kusonga.

Sasa hesabu ya binamu yangu, kwa viwango vya siku hizi, thamani ya forodha ya Sh500,000, injini chini ya cc 1500:

Ushuru wa forodha 35%: Sh175,000.
Ushuru wa bidhaa 20% ya Sh675,000: Sh135,000.
VAT 16% ya Sh810,000: Sh129,600.
IDF 2.5%: Sh12,500.
Tozo ya reli 2%: Sh10,000.
Jumla: Sh462,100.

Karibu 92% ya thamani ya gari. Chukua gari yenye thamani hiyo hiyo lakini injini ya cc 1800, ushuru wa bidhaa unakuwa 25%, na jumla inafika Sh501,250. Kodi imepita thamani ya gari. Umenunua gari moja, umelipia mbili, na hiyo ya pili haina magurudumu.

Na kumbuka, hiyo Sh500,000 imetoka kwa orodha. Orodha iliyotumika miaka kadhaa ilikuwa ya karibu 2019, halafu KRA ikatangaza mpya ianze 1 Julai 2025. Waagizaji wakaenda kortini kuipinga. Elewa kwa nini walikimbia. Kupandisha kiwango cha kodi mara nyingi hupitia bungeni, kuna mjadala, kuna kelele, mbunge wako anapiga kura na unamwona. Kupandisha bei kwa orodha hakuhitaji kura ya mbunge yeyote. Asilimia inabaki pale pale, unalipa zaidi, na hakuna wa kumtag.

Nitamalizia na kitu ambacho nyote mnakikumbuka, kwa sababu wengi wetu tulikuwa barabarani.

Mswada wa Fedha wa 2024 ulikuwa na kodi ya gari ya kila mwaka. 2.5% ya thamani ya gari, ilipwe ukichukua bima, isipungue Sh5,000 na isizidi Sh100,000. Tulikasirika kwa sababu ilikuwa kodi nyingine juu ya gari iliyokwisha kulipiwa zote hizo nimekutajia. Hasira sahihi. Lakini angalia umbo lake sasa, ukiwa na macho ya 2015. Ile Sh100,000 ni 2.5% ya Sh4,000,000. Ukiwa na gari ya zaidi ya hapo, hulipi tena 2.5%. Gari ya Sh15,000,000 ingelipa Sh100,000, ambayo haifiki hata 0.7%. Na ile Sh5,000 ya chini? Gari nzee ya Sh150,000 ingelipa zaidi ya 3%. Sakafu kwa maskini, dari kwa tajiri. Ni ile ile Sh200,000 ya Rotich imevaa suti nyingine.

Hiyo kodi iliondolewa kwenye mswada 18 Juni. Mswada wenyewe ukapita 25 Juni, siku ambayo wenzetu walipigwa risasi na hawakurudi nyumbani. Kesho yake rais akakataa kuutia sahihi. Sitaki kuandika kuhusu siku hiyo kama mfano wa hesabu ya gari. Nataka tu kusema kwamba wale waliokuwa wanauliza "hii 2.5% ni ya nini" walikuwa wanauliza swali la maana, na lilistahili jibu la karatasi na kalamu.

Najua kuna mtu atasema, "Kwani unataka gari ziingie bure?" Hapana. Barabara zinajengwa na pesa. Foleni ya Mombasa Road inakuambia gari si chache. Kuna watu wanaunganisha gari Thika, Nairobi na Mombasa mpaka leo, na wao pia wana watoto. Mimi sina shida na kodi ya gari. Shida yangu ni kodi ambayo mwenye kidogo anaibeba kwa mgongo na mwenye kingi anaibeba kwa kidole, halafu tunaambiwa ni sawa kwa sababu namba ni moja.

Kwa hivyo kila Juni bajeti ikisomwa, fanya kitu kimoja kabla hujacheka meme. Uliza: hii ni asilimia au ni kiasi kimoja? Ina dari? Inakalia kodi gani nyingine? Chukua gari ndogo unayoijua na gari kubwa unayoiona kwa barabara, piga hesabu zote mbili kwa simu. Dakika tano. Utajua imeandikwa kwa ajili ya nani.

Binamu yangu nilimtumia hiyo Sh462,100 na maelezo. Akanyamaza siku mbili. Halafu akaandika, "Wacha kwanza niongeze akiba." Nikamwambia sawa, lakini ongeza na ya dharura, kwa sababu meli huchukua wiki kadhaa, na sheria huchukua siku moja.

Anko bado ana ile Vitz. Namba yake inaanza na KC, kiti cha dereva kimeisha sponji, na kila akipitwa na V8 kwa barabara anasema kitu kimoja tu: "Pita mzee, nilikusaidia kulipa hiyo."